Siku 369 za Bahari ya Maskati

Makala haya yametokana na kosa letu wenyewe, na ni afadhali tulitaje mapema. Muhula uliopita sisi wanachama wanne, wawili wa uhandisi, mmoja wa fizikia na mmoja wa lugha, tulijitwika kazi ya kueleza kwa Kiswahili jambo ambalo wenzetu wa sayansi hulifanya kila wiki kwa kubonyeza kitufe kimoja: mgeuzo wa haraka wa Fourier. Tulitafuta mfano ambao mtu aliyelelewa na wazee wa pwani angeushika bila taabu, tukachagua maji kujaa na kupwa. Tukapakua vipimo vya kimo cha maji ya Maskati, saa kwa saa, kutoka katika hifadhi ya University of Hawaii Sea Level Center. Tukavitia katika programu ya kuchora grafu, tukabonyeza.

Tulitarajia kuona kilele kimoja kirefu, kilele cha mwezi. Vikatoka viwili, vimesimama bega kwa bega kama mapacha, na vyote vifupi kuliko tulivyotazamia.

"Kumbe Omani ina miezi miwili?" akauliza mwenzetu wa lugha, na hatukuwa na jibu.

Jibu hatukulipata katika maelekezo ya programu. Tulilipata katika historia ya hesabu hii, ambayo sehemu yake imepita hapa hapa Maskati, na ndiyo tunayoileta leo.

Tuanze na yale tunayoyajua sote. Wazee wetu waliotoka Unguja na Pemba, wengi wao wakifika hapa baada ya mwaka 1964 na wengine baada ya 1970, wamekuja na maneno ya bahari ambayo hayajafutika: maji kujaa, maji kupwa, bamvua, maji mafu. Mtu wa Unguja anajua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Anajua pia kwamba mwezi unapoandama na unapopevuka huja bamvua, maji yakapanda sana na kushuka sana, na kwamba katikati yake huwa maji mafu, yasiyo na nguvu ya kupanda wala kushuka. Pwani ya mashariki ya Unguja, bamvua ndiyo siku ya kwenda mbali miambani kutafuta pweza.

Sasa tuyaseme hayo hayo kwa lugha ya hesabu. Bahari haivutwi na mwezi peke yake. Mwezi una wimbi lake, ambalo wataalamu huliita M2, linalorudi kila baada ya saa 12.42. Jua nalo lina lake, S2, la saa 12 kamili. Mawimbi haya mawili hayaendi sawa. Yanapopanda pamoja ni bamvua. Moja linapopanda na jingine kushuka ni maji mafu. Kutoka bamvua moja hadi jingine ni siku 14.77. Juu ya hayo kuna mawimbi ya mara moja kwa siku, K1 la saa 23.93 na O1 la saa 25.82, na mengine mengi madogo madogo. Kimo cha maji unachokiona gatini ni jumla ya yote hayo kwa wakati mmoja. Mgeuzo wa Fourier ni njia ya kuichukua jumla hiyo na kuirudisha katika sehemu zake, ili kila wimbi lionekane peke yake kwa kimo chake.

Kwamba mwezi una mkono katika maji si ugunduzi wa Ulaya. Abu Ma'shar al-Balkhi aliandika kuhusu mwezi na maji ya bahari katika karne ya 9. Al-Mas'udi, ambaye alisafiri kutoka Qanbalu, kisiwa cha pwani yetu ya Afrika, hadi Omani mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917, aliandika mlango mzima juu ya kujaa na kupwa. Lakini kujua kwamba mwezi unahusika ni jambo moja, na kumwambia nahodha kwamba Jumanne ijayo saa nane mchana maji yatafika kimo kadhaa ni jambo jingine.

Jambo hilo la pili lilimngoja Joseph Fourier, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1768. Huyu alifuatana na jeshi la Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, akawa katibu wa taasisi ya wanazuoni waliyoianzisha Kairo. Aliporudi kwao alijishughulisha na jinsi joto linavyopita katika vyuma. Mwaka 1807 alitoa hoja kwamba mkunjo wowote, hata uliopindapinda vipi, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini. Lagrange, mmoja wa wakubwa wa hesabu wa zama zile, hakuikubali hoja hiyo, na kitabu chenyewe kilichapishwa mwaka 1822. Fourier alikuwa na habari ya joto tu. Bahari ilipewa hesabu hii na William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Mwaka 1867 Thomson alipendekeza kwamba vimo vya maji vya bandari yoyote vichambuliwe wimbi kwa wimbi. Miaka michache baadaye alibuni mashine ya kubashiri maji: uzi mmoja ukipita juu na chini ya makapi kumi, kila kapi likipanda na kushuka kwa mwendo wa wimbi lake, na mwisho wa uzi kalamu ikichora maji ya mwaka mzima. Mashine hiyo ipo hadi leo katika Science Museum, London.

Lakini mashine ya kubashiri ni kinywa tu, lazima ilishwe. Kabla ya kuizungusha ilibidi mtu akae na vipimo vya bandari, atoe kimo na wakati wa kila wimbi, na hapo ndipo Maskati inapoingia.

Idara ya upimaji ya serikali ya Waingereza kule India, Survey of India, iliweka vipima maji katika bandari nyingi, kuanzia Burma hadi Aden. Katika miaka ya 1890, enzi za Sayyid Faisal bin Turki, kipima kimoja kiliwekwa Maskati. Tuliposoma hayo mara ya kwanza tulishangaa kidogo. Tulizoea kuisoma Maskati ya wakati ule kama mji wa siasa: dola ya Sayyid Said bin Sultan imeshagawanywa mwaka 1861, Unguja huku na Omani kule, na meli za kigeni zimejaa bandarini. Kumbe katikati ya yote hayo palikuwa na boya ndani ya bomba, limefungwa waya, na waya umefungwa kalamu iliyochora juu ya karatasi inayozunguka kwa saa, usiku na mchana.

Karatasi hizo zilisomwa na makarani wa Kihindi wa idara ile. Majina yao hayakuwekwa juu ya vitabu. Juu ya vitabu kuna majina ya wakubwa: Meja Baird, aliyeisimamia kazi hiyo kwa miaka mingi na kuandika mwongozo wake mwaka 1886, na George Darwin, mtoto wa Charles Darwin, aliyepanga utaratibu wa hesabu. Aliyekaa na karatasi ni karani. Alisoma kimo cha kila saa, akakiandika katika safu, kisha akazipanga upya safu hizo kwa ajili ya kila wimbi, kwa sababu saa ya mwezi si saa ya jua, akajumlisha, akagawanya. Kwa kila bandari, kwa kila mwaka, alikuwa na namba 8,856.

Hapo ndipo tulipokwama tukisoma. Mwaka una siku 365, na 365 mara 24 ni 8,760. Hizi 8,856 zimetoka wapi?

Zimetoka katika siku 369. Baird na Darwin hawakuukata mwaka kwa kalenda. Walichukua siku 369 kwa sababu ndani yake bamvua hurudi mara 25, bila ya ziada inayohesabika. Tuliigawanya wenyewe kuhakikisha. Katika saa 8,856, wimbi la mwezi M2 hupiga mara 713.01. Wimbi la jua S2 hupiga mara 738 kamili. K1 hupiga mara 370.01, na O1 mara 343.00. Mawimbi manne makubwa, yote yameanza na kumaliza pamoja, hakuna lililokatwa katikati ya safari yake. Karani akijumlisha safu za mwezi, athari ya jua inajifuta yenyewe, na akijumlisha za jua, ya mwezi inajifuta.

Tuliposoma hivyo tulirudi kwenye grafu yetu ya mapacha tukaona aibu. Sisi tulikata namba 8,192.

Kwa nini 8,192? Hapa tueleze kisa cha neno "haraka" katika mgeuzo wa haraka. Ukiwa na vipimo N na ukataka mawimbi yake yote kwa njia ya kawaida, unafanya kazi ya takriban N mara N. Kwa vipimo 8,192 hiyo ni 67,108,864. Mwaka 1963, katika kikao cha kamati ya washauri wa sayansi wa Rais Kennedy, mwanafizikia Richard Garwin aliketi na John Tukey, mtaalamu wa takwimu, akamwona akiandika njia ya mkato. Garwin alikuwa na haja yake: Marekani ilitaka kutambua majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Wasovieti kwa kuchambua mitetemo ya ardhi kutoka mbali, na hesabu zilikuwa nzito mno. Akaipeleka fikra hiyo kwa James Cooley wa IBM aiandikie programu, na akamwambia kwamba kazi ni ya kuchunguza fuwele za heliamu. Cooley na Tukey walichapisha njia yao mwaka 1965. (Baadaye, mwaka 1984, watafiti walionyesha kwamba Gauss alikuwa ameshaigundua mwaka 1805, akihesabu njia ya sayari ndogo Pallas. Aliiandika kwa Kilatini akaiacha, na haikuchapwa mpaka baada ya kufa kwake.)

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Unavigawa vipimo mafungu mawili, vya saa za shufwa na vya saa za witiri. Unayageuza mafungu hayo kila moja peke yake, kisha unayaunga. Na kila fungu unaligawa tena vivyo hivyo, mpaka unabaki na vipimo viwili viwili. Kazi inashuka kutoka N mara N hadi N mara idadi ya migawanyo. Kwa 8,192 migawanyo ni 13, na kazi ni 106,496 tu: pungufu zaidi ya mara mia sita. Lakini ili kugawa nusu kwa nusu kuende sawasawa mpaka mwisho, idadi ya vipimo iwe kipeo cha 2: 1,024, 2,048, 4,096, 8,192. Programu nyingi za mwanzo zilishurutisha hivyo, na vitabu vya kufundishia vikaendelea kulirudia sharti hilo hata pale ambapo halikuhitajika tena. Tangu 1997 kuna FFTW, programu iliyoandikwa MIT, ambayo hugeuza idadi yoyote kwa haraka. Sisi tulikuwa nayo ndani ya kompyuta yetu bila kujua. Tulilishika sharti la kitabu, tukaikata bahari kwa kipimo cha mashine ya mwaka 1965.

Katika saa 8,192 mwezi hupiga mara 659.55. Mgeuzo huu una nafasi za namba kamili tu: kuna nafasi ya 659 na nafasi ya 660, hakuna ya 659.55. Wimbi letu likaangukia katikati, likajigawa, takriban sehemu 57 kwa mia ya kimo chake ikionekana upande mmoja na 70 upande wa pili, na mengine yakamwagika kwa majirani. Huyo ndiye mwezi wa pili wa Omani.

Tulizirudia data, tukakata saa 8,856. Mapacha wakawa mmoja, mrefu, mwembamba, amesimama nafasi ya 713. Hatukubadilisha kitu kingine chochote.

Ilipotulia ile grafu ndipo tulipoona jambo ambalo tulishaambiwa, tukalipuuza. Babu wa mwenzetu mmoja, aliyekulia Unguja na kuvua huko ujanani, hupenda kukaa jioni ufukoni Matrah. Miezi mingi kabla ya kazi hii alituambia:

"Wajukuu zangu, bahari ya huku inachechemea."

"Inachechemeaje, babu?"

"Maji ya kwanza yanajaa kisawasawa. Ya pili yanajaa kivivu. Kwetu hayakuwa hivyo."

Tulicheka kwa heshima, tukadhani ni hamu ya kwao tu. Wazee wengi hapa, ukiwauliza, hata embe za Unguja zilikuwa na kokwa ndogo zaidi. Lakini grafu ilimpa haki. Katika maji ya Maskati, K1, wimbi la mara moja kwa siku, limesimama wima kwa kimo kinachozidi nusu ya M2. Likijumlishwa na wimbi la mara mbili, linaunyanyua mjao mmoja na kuukandamiza wa pili, na ndio mguu mfupi alioutaja mzee. Tulichukua data za Unguja, ambako kipima kimekuwapo tangu 1984, tukazikata kwa siku 369 vilevile: K1 ya Unguja haifiki hata robo ya M2. Kule maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, na mijao miwili ya siku hufanana.

Mwenzetu wa lugha aliliona hili kuwa kubwa kuliko vilele vyote. Katika msamiati tuliorithi nyumbani tuna bamvua, tuna maji mafu, lakini hatukupata jina la maji yasiyolingana ya siku moja. Unguja haikulihitaji. Babu alipofika huku akakutana na bahari isiyo na jina kwake, akatumia neno la mguu. Katika istilahi tunazopendekeza kwa ajili ya kamusi ndogo ya chama, tumeandika "mchechemeo wa siku". Walimu wetu waturekebishe.

Tulimpelekea grafu. Aliitazama kwa muda, tukamwonyesha kilele cha mwezi, cha jua, na kile kinachochechemesha. Kisha akaweka kidole juu ya kivimbe kilichopasuka, kushoto kidogo ya kilele cha mwezi.

"Na huyu naye?"

Tulikuwa tumeomba Mungu asikione. Hiyo ni N2, wimbi linalotokana na mwezi kusogea karibu na dunia na kwenda mbali, la saa 12.66. Katika siku 369 hupiga mara 699.62, kwa hiyo lilipasuka kama M2 yetu ya mwanzo. Tulimweleza kwamba siku 369 zimewafaa wakubwa wanne, huyu mdogo hazikumfaa.

"Siku mia tatu sitini na tisa ni mwaka wa nani?" akauliza. "Si wa Kizungu, si wetu. Kama ni habari ya mwezi, kwa nini hamkukata kwa mwaka wa mwezi?"

Mwaka wa Hijria una siku 354, na ule mrefu una 355. Tulirudi chuoni tukajaribu 355, yaani saa 8,520. N2 ikapiga mara 673.07, ikasimama peke yake. M2 ilikuwa 685.96, si safi kama mwanzo lakini haikupasuka. S2 ilikuwa 710 kamili, K1 ikawa 355.97, O1 ikawa 329.99. Baadaye tulikuta kwamba Arthur Doodson wa Liverpool, yule aliyehesabu maji ya fukwe za Normandy kwa ajili ya majeshi ya mwaka 1944, naye aliutumia urefu wa siku 355 katika uchambuzi wake.

Grafu zote tatu, ya 8,192, ya 8,856 na ya 8,520, tumezibandika ukutani katika chumba cha chama, kwa mpangilio huo. Ile ya kwanza tumeiacha na mapacha wake. Data za Unguja bado hazijakatwa kwa 355, na anayetaka kuifanya kazi hiyo muhula huu aje achukue faili.